KIHARUSI NA MUTU ALIYEKUWA TAYARI NA KILEMA



Kamati ya gazeti iliniomba niandike juu ya kiharusi, ugonjwa ule ambao wengi hapa kwetu wanaita tu AVC ao paralizi. Nilikubali upesi, juu kuko swali moja ambalo sikulijibu. Wiki chache zilizopita, katika somo la biolojia la mwaka wa tano, nilikuwa nikieleza namna wanganga wa siku hizi wanavyoweza kuvuta kibonge cha damu kutoka ndani ya ubongo. Mwanafunzi mumoja akainua mukono, akauliza: "Mwalimu, ile kazi iko bei sana. Sasa kama mutu alikuwa kilema tangu zamani, juu ya nini kuharibu feza juu yake? Hata akipona, si atabaki kilema tu?"

Darasa likanyamaza. Kwenye benchi la pili kuko mwenzetu anayetembea kwa magongo tangu utoto. Yeye aliangalia daftari yake. Kengele ikalia, na mimi nikasema tu, "Tutarudilia ile neno." Leo ninarudilia.

Yule aliyeuliza si mutoto mubaya. Alisema kwa sauti kubwa jambo ambalo watu wengi wanalisema kwa sauti ndogo, hata katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani. Kwa hiyo tumujibu kwa heshima, lakini tumujibu mpaka mwisho.

1. KIHARUSI NI NINI?

Ubongo wetu hauna gala. Tumbo linaweza kungoja chakula, musuli unaweza kuweka akiba, lakini ubongo unaishi kwa oksijeni na sukari ambayo damu inaleta kila dakika. Damu ikikatika fasi moja, fasi ile inaanza kufa palepale.

Kuko aina mbili za kiharusi. Katika aina ya kwanza, kibonge cha damu iliyoganda kinaziba mushipa, sawa vile takataka zinavyoziba mupira wa maji. Katika aina ya pili, mushipa unapasuka na damu inamwagika ndani ya ubongo. Katika nchi tajiri, karibu viharusi 85 kwa 100 ni vya aina ya kwanza. Huku Afrika, ile aina ya kupasuka inaonekana zaidi kuliko kule, na sababu yake kubwa ni tansio ya damu isiyotunzwa.

Kibonge kinatoka wapi? Mara nyingi kinatoka katika moyo unaopiga pasipo mupango, ao katika moyo ulioharibika milango yake, ao katika mushipa wa shingo uliojaa mafuta. Watoto wenye anemia SS nao wanaweza kupata kiharusi wakiwa wadogo sana. Tusidhani ni ugonjwa wa wazee peke yao.

Kwa macho hakuna mutu, hata munganga mukubwa, anayeweza kutofautisha aina hizi mbili kwa hakika. Inaomba skaneri, ile mashini ya kupiga picha ndani ya kichwa. Tushike neno hili, tutalihitaji mbele.

Saa ina uzito gani? Mwaka wa 2006 munganga mumoja wa Marekani, Jeffrey Saver, alipiga hesabu: mushipa mukubwa ukizibwa, mugonjwa anapoteza karibu seli za ubongo milioni 1,9 kwa kila dakika. Wanafunzi, muzidishe mara 60. Saa moja tu ya kungoja ni seli zaidi ya milioni 110. Na seli ya ubongo ikikufa, haioti tena sawa majani ya muhogo.

2. NAMNA YA KUVUTA KIBONGE

Dawa ya kwanza iliyofaa ilikuwa ya kuyeyusha kibonge. Inaitwa alteplase. Mwaka wa 1995 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba inasaidia kama inapigwa katika mushipa ndani ya saa 3. Mwaka wa 2008 utafiti wa Ulaya ukasogeza mupaka mpaka saa 4 na nusu. Lakini kibonge kikubwa katika mushipa mukubwa mara nyingi kinakataa kuyeyuka. Ndipo wanganga wakawaza: kama hakiyeyuki, tukivute.

Wazo la kupita ndani ya mishipa ni la zamani. Mwaka wa 1929, katika muji wa Eberswalde huko Ujerumani, munganga kijana Werner Forssmann alijipasua ngozi ya mukono, akasukuma ndani ya mushipa wake mupira mwembamba wa sentimeta 65 mpaka ukafika kwenye moyo. Kisha akatembea mwenyewe mpaka chumba cha radiografi ili picha ishuhudie. Wengi walimuona sawa mwenye wazimu. Mwaka wa 1956 akapewa zawadi ya Nobel.

Mwaka wa 1964, huko Portland katika Marekani, Charles Dotter alitumia njia ileile kufungua mushipa wa muguu. Mugonjwa wake alikuwa bibi wa miaka 82. Muguu wake ulikuwa umeanza kuoza, na wanganga walitaka kuukata, bibi akakataa. Dotter akapitisha mipira yake, mushipa ukafunguka, na bibi akaendelea kutembea kwa muguu wake mwenyewe zaidi ya miaka miwili, mpaka alipokufa kwa ugonjwa mwingine. Muangalie vizuri: kazi hii ya kutibu kwa kupita ndani ya mishipa ilianza kwa muzee ambaye wengine walihesabu kwamba muguu wake umekwisha.

Kwa ubongo inafanyika hivi. Munganga anatoboa mushipa mukubwa kwenye mwanzo wa paja, ao kwenye mukono karibu na kiganja. Anaingiza kamupira kembamba na kurefuka, anakapandisha kupitia mushipa mukubwa wa kifua, kisha shingo, mpaka kwenye kichwa, huku akiangalia njia katika mashini ya radiografi. Akifika kwenye kibonge, anafungua kawavu kadogo ka chuma ndani yake. Anangoja dakika chache ili kibonge kishikane na wavu, kisha anavuta vyote pamoja polepole. Wengine wanatumia mupira wa kunyonya tu, ao njia zote mbili. Kama kazi inakwenda vizuri, damu inapita tena, na mara nyingine mugonjwa anasogeza mukono akiwa angali juu ya meza.

Haiko muchezo. Mushipa unaweza kutobolewa, damu inaweza kumwagika katika ubongo, na wengine wanakufa hata kama kibonge kimetoka. Mara nyingi inafanywa ndani ya saa 6. Tangu mwaka wa 2018, kisha tafiti mbili zinazoitwa DAWN na DEFUSE 3, wagonjwa waliochaguliwa kwa picha wanaweza kusaidiwa hata mpaka saa 24.

3. KIPIMO CHA MUNGANGA RANKIN

Ili kujua kama dawa inafaa, lazima kupima. Katika muji wa Glasgow, munganga John Rankin aliandika mwaka wa 1957 kipimo cha kuonyesha namna mutu anavyobaki kisha kiharusi. Wengine walikitengeneza tena baadaye, na leo dunia yote inakitumia. Kiko hivi:

0 – hana alama yoyote ya ugonjwa.
1 – ana alama ndogo, lakini anafanya kazi zake zote.
2 – hawezi kufanya yote aliyofanya mbele, lakini anajitegemea.
3 – anahitaji musaada kidogo, lakini anatembea mwenyewe.
4 – hawezi kutembea wala kujitunza pasipo musaada.
5 – analala kitandani sikuzote, anatunzwa kwa kila jambo.
6 – amekufa.

Ni kipimo kizuri, kifupi, na muuguzi anaweza kukijifunza siku moja. Lakini tayari munaona shida. Mutu asiyetembea tangu utoto, lakini anajiogesha, anajipikia, anafanya biashara na kulipia watoto masomo, tumuweke wapi? Miguu yake inasema 4, maisha yake yanasema 2. Munganga mumoja ataandika 3, mwingine ataandika 4, na wote wawili watakuwa wamemuangalia mutu yuleyule.

4. NAMNA MULANGO ULIVYOFUNGWA

Mwaka wa 2015 ulikuwa mwaka mukubwa. Tafiti tano zilitangazwa moja kisha nyingine, na zote zilionyesha kwamba kuvuta kibonge kunasaidia. Ya kwanza, MR CLEAN ya Uholanzi, ilikuwa na wagonjwa 500. Kati ya waliovutiwa kibonge, karibu 33 kwa 100 walifika 0, 1 ao 2 kisha miezi mitatu. Kati ya wale waliotunzwa kwa njia ya kawaida tu, ni 19 kwa 100. Mwaka wa 2016 tafiti zote tano ziliunganishwa, wagonjwa 1287. Hesabu ikaonyesha kwamba kwa kila wagonjwa wawili ao watatu wanaofanyiwa kazi hii, mumoja anabaki katika ngazi bora kuliko ile angebaki nayo. Katika uganga, dawa chache zina nguvu ya namna hii.

Lakini ni nani waliingizwa katika tafiti zile? Karibu wote walikuwa watu waliojitegemea mbele ya kiharusi. Wenye kilema cha zamani waliachwa inje. Haikuwa kwa chuki. Mwenye kufanya utafiti anataka kuona kazi ya dawa peke yake, sawa vile sisi katika maabara tunaosha chupa mbele ya kutia kitu kingine. Tena, ushindi ulihesabiwa kwa kufika 0, 1 ao 2. Mutu aliyeanza kwa 3 hawezi kufika 2, hata mukimuponya namna gani. Angeharibu hesabu.

Kisha kanuni za wanganga zikaandikwa kwa kufuata tafiti. Kanuni za Marekani za mwaka wa 2015 na 2018 zilitoa shauri lao la nguvu kwa mugonjwa aliyekuwa 0 ao 1 mbele ya kiharusi. Kwa wengine zilisema kwa sauti ya chini zaidi. Na hapa kosa likaingia kimya. "Hatujapima dawa hii kwa vilema" likageuka kuwa "Dawa hii haifai kwa vilema." Wanafunzi wa mantiki, muone: maneno haya mawili hayako sawa hata kidogo. Kama sijafungua sanduku, siwezi kusema kwamba ni tupu.

Tuchukue mufano wa nyumbani. Mwenzetu wa magongo akishikwa na malaria, tunamupeleka kwenye kituo cha afya, anapewa dawa, homa inashuka, anarudi darasani na magongo yake. Nani kati yetu atasema: "Dawa haikufaa, juu angali anachechemea"? Hakuna. Tunasema amepona, maana amerudi vile alivyokuwa. Basi kwa kiharusi, juu ya nini tubadilishe hesabu?

5. FUNDI WA VIATU

Tuwaze fundi mumoja wa viatu. Polio ilimushika akiwa na miaka mitatu. Miguu yake ni myembamba, haisimami. Lakini anaendesha kinga ya magurudumu matatu kwa mikono, sawa zile tunazoona kwenye mupaka wa Goma na Gisenyi zikiwa zimebeba mizigo. Asubuhi anafika sokoni mwenyewe. Anashona, anapatana bei, anaimba katika kwaya. Jioni anarudi na unga.

Siku moja kibonge kinaziba mushipa mukubwa wa upande wa kushoto wa ubongo wake. Kama munavyojua katika somo letu, upande wa kushoto unaongoza mukono wa kuume, na kwa watu wengi unaongoza pia maneno. Mukono wa kuume unaanguka. Maneno yanapotea.

Sasa tuhesabu anachopoteza. Mutu wa miguu mizima akipoteza mukono mumoja, angali na miguu ya kumufikisha mahali. Fundi wetu akipoteza mukono, anapoteza pia miguu, juu mikono yake ndiyo miguu yake. Anapoteza kazi, maana hakuna kushona kwa mukono mumoja. Anapoteza sauti ya kupatana bei na ya kuimba. Alikuwa na njia moja tu ya kujiendesha katika dunia, na ile moja ndiyo kiharusi kimechukua.

Kwa hiyo aliyesema "atabaki kilema tu" amekosea hesabu. Ni kweli, kibonge kikivutwa, miguu itabaki myembamba vilevile. Lakini kati ya fundi anayeshona sokoni na mutu anayelala kitandani akigeuzwa na wengine, kuko umbali mukubwa sana. Kwenye karatasi ni hatua moja, kutoka 4 kwenda 5. Katika nyumba yake ni maisha yote. Aliye na kidogo, ukimuondolea kidogo, umemuondolea vingi.

6. NA HESABU ZA KWELI ZINASEMA NINI?

Kisha mwaka wa 2015 wanganga wa nchi nyingi walianza kuandika katika daftari kila mugonjwa aliyevutiwa kibonge, hata wale ambao tafiti hazikuwapokea. Katika daftari ya Uholanzi, karibu mugonjwa 1 kwa 10 alikuwa tayari na kilema cha ngazi ya 3 ao zaidi. Hatutaficha kitu: wagonjwa hawa walikufa zaidi kuliko wengine. Wengi walikuwa wazee na magonjwa mengine juu yake. Lakini karibu robo yao walirudi katika hali yao ya mbele. Robo haiko nusu, lakini haiko sifuri. Na kati ya wale waliojitegemea mbele, nao hawakurudi wote, wengi walishindwa.

Mwaka wa 2022 shirika la Marekani la moyo na kiharusi lilitoa andiko kubwa juu ya jambo hili tu: wagonjwa wa kiharusi waliokuwa tayari na kilema ao na kupoteza akili kwa uzee. Andiko lilionyesha kwamba sehemu nzuri ya watu hawa wanaweza kurudi katika hali waliyokuwa nayo, na likaomba tafiti za kesho ziwapokee. Tena liliomba tupime ushindi kwa namna ingine. Tusiulize tu, "Je, amefika 2?" Tuulize, "Je, amerudi pale alipokuwa?" Ni swali dogo, lakini linafungua mulango.

Je, hii inasema kila mwenye kilema avutwe kibonge? Hapana. Kuko mugonjwa aliye karibu na kifo kwa ugonjwa mwingine. Kuko muzee aliyesema zamani, akiwa na akili zake, kwamba hataki tena mashini. Kuko ubongo ambao picha inaonyesha kwamba sehemu kubwa imekwisha kufa. Katika hali kama hizi munganga mwenye hekima anaweza kusimama. Lakini anasimama kwa sababu ya hali ya ubongo ao kwa mapenzi ya mugonjwa. Magongo yaliyosimamishwa kwenye ukuta hayatoshi kuwa sababu.

7. NANI ANAJUA UTAMU WA MAISHA YA MWINGINE?

Nyuma ya swali la darasa kulikuwa mawazo mengine yaliyofichwa: kwamba maisha ya mwenye kilema si matamu sana, basi kuyapoteza si hasara kubwa. Tuyatoe inje tuyaangalie.

Mwaka wa 1999 wataalamu wawili, Gary Albrecht wa Marekani na Patrick Devlieger, Mubelgiji, walitangaza utafiti wao juu ya watu 153 wenye kilema. Devlieger anajulikana pia kwa kazi yake hapa kwetu: alichunguza namna Wasongye wa Kasai wanavyoelewa kilema. Waliwauliza watu wale: maisha yenu yako namna gani? Kati ya wenye kilema kikubwa ao cha katikati, zaidi ya nusu, 54 kwa 100, walijibu kwamba ni mazuri ao mazuri sana. Watu wa inje wasingedhani hivyo. Hawakusema hawana shida. Walisema wamepata namna ya kuishi.

Kwetu tunapaswa kujua hili bila kungoja wataalamu. Huko Kwango kuko watu wa konzo, ambao miguu yao ilipooza mara moja kwa sababu ya muhogo mukali usiolowekwa vizuri. Kila mahali kuko watu wa polio, watu wa ajali, watu wa vita. Ni mama, ni washonaji, ni walimu, ni wahubiri. Kama unataka kujua kama maisha yao ni matamu, usiulize miguu yao. Uwaulize wenyewe.

8. NA SISI HAPA CONGO?

Mwingine atasema: "Mwalimu, habari hizi ni za Wazungu. Hospitali nyingi za kwetu hazina hata skaneri." Ni kweli. Utafiti wa dunia nzima uliotangazwa mwaka wa 2023 ulionyesha kwamba katika nchi ya katikati, kati ya watu 100 wanaohitaji kuvutiwa kibonge, hata 3 hawaipati. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dunia iko inje pamoja na sisi.

Lakini swali la darasa halihitaji skaneri ili lifike kwetu. Linafika jioni moja wakati jamaa inakaa kuhesabu feza: tukodishe motokari ya kumupeleka ku hospitali, ao tungoje? Linafika wakati kitanda ni kimoja na wagonjwa ni wawili. Linafika wakati muguu na mukono vinaomba mazoezi miezi mingi, na mutu anasema, "Kwa huyu? Si alikuwa kilema?" Pale hakuna munganga wa Marekani. Ni ninyi mutakaokuwa katika kikao, kaka na dada, na mutajibu.

Basi mushike maneno haya, na mwenye kalamu aandike:

a) Uso umepinda upande mumoja, mukono umeanguka, maneno yamechanganyika ao yamekatika: ni kiharusi mpaka hospitali iseme hapana.

b) Kama mugonjwa alikuwa na kilema cha zamani, musiseme, "Ni mukono wake wa siku zote." Mumulinganishe na yeye mwenyewe wa jana. Mukono ambao jana uliendesha kinga na leo unaanguka, ile ni alama mupya.

c) Muangalie saa na muiandike: alionekana muzima mara ya mwisho saa ngapi? Munganga atauliza hilo mbele ya yote.

d) Musimupe chakula, maji wala dawa ya kumeza, koo inaweza kuwa imepooza, na atasongwa. Hata aspirini musimupe, juu hamujui kama ni kibonge ao ni kupasuka. Musimukate chale, musimumwagie maji. Kama amezimia ao anatapika, mumulaze kwa upande. Kisha mwende mbio.

e) Mukifika ku hospitali, mumushuhudie. Munganga hajawahi kumuona. Anaona miguu myembamba tu, na anaweza kuwaza kwamba alilala kitandani miaka yote. Musimuachie mawazo yale. Museme waziwazi: "Jana aliendesha kinga mwenyewe, alishona viatu vitano, aliimba." Ushuhuda huu hauombi feza, na mara nyingine ndio unaobadilisha shauri la munganga.

f) Mbele ya ugonjwa: wazazi wenu wapimwe tansio, na wenye dawa ya tansio wasiache kumeza siku wanajisikia vizuri. Watoto wa SS wafuate kliniki. Mwenye kilema naye apimwe. Mara nyingi tunasahau kumupima kwa sababu tunaangalia miguu tu.

9. KWA KUMALIZA

Katika 2 Samweli sura ya 9 tunasoma habari za Mefibosheti, mutoto wa Yonatani. Aliangushwa akiwa mudogo, miguu yote miwili ikalemaa. Mfalme Daudi akamutafuta, akamurudishia mashamba ya babu yake na kumupa nafasi kwenye meza yake. Habari ile haisemi kwamba miguu yake iliponywa. Alikaa kwenye meza ya mfalme na miguu ileile, na ile nafasi ilikuwa yake kweli.

Ndugu uliyeuliza swali, asante. Umenilazimisha kujifunza. Jibu langu ni hili: hatumutibu kilema ili asiwe tena kilema. Tunamutibu ili nafasi yake kwenye meza isipotee.

Na wewe wa benchi la pili, unisamehe kwamba nilikawia.

MAULIZO (majibu mulete mbele ya siku ya tano)

1. Kwa nini mutu hawezi kupewa dawa ya kuyeyusha kibonge mbele ya kupigwa skaneri?
2. Mugonjwa alikuwa 3 mbele ya kiharusi, na kisha miezi mitatu ni 3. Je, dawa imeshinda ao imeshindwa? Utoe sababu.
3. Ueleze tofauti kati ya "haijapimwa" na "haifai". Utoe mufano mumoja usiotoka katika uganga.

Mwalimu wa biolojia